Faili Ziko Winguni, Bakapu Iko Wapi?

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Lilikuwa jengo la ghorofa 5 lililosheheni seva, yaani kompyuta zinazohifadhi data za wateja wa nchi mbalimbali. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti zaidi ya milioni 3 zilizimika. Mteja mmoja, kampuni ya Kifaransa, alikuwa amejihami: pamoja na huduma ya kawaida alikuwa analipia pia huduma ya bakapu, yaani ya nakala za akiba. Alipodai nakala zake ikabainika kwamba nazo zimeungua, kwa sababu ziliwekwa katika jengo lile lile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru alipwe fidia.

Miezi minne baada ya moto ule, usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam nalo likaungua. Mfanyabiashara ambaye daftari la madeni, kompyuta na flashi ya akiba vyote vilikaa ndani ya kizimba kimoja alikuwa na tatizo lile lile la mteja wa Strasbourg. Nakala zilikuwepo, ila zote zilikuwa mahali ambapo moto mmoja ungezifikia.

Ushauri unaotolewa sana baada ya majanga ya namna hii ni huu: wekeni kila kitu winguni. Ni ushauri mzuri, lakini haujakamilika. Kuweka faili winguni ni kazi moja, kuwa na bakapu ni kazi nyingine, na biashara nyingi ndogo zimefanya ya kwanza zikaamini kwamba na ya pili imekwisha.

Wingu lenyewe halina muujiza. Ni kompyuta za mtu mwingine zilizofungwa kwenye majengo yenye umeme wa uhakika, viyoyozi, walinzi na intaneti ya kasi. Ukiweka faili kwenye Google Drive, OneDrive, Dropbox au iCloud, faili hiyo hunakiliwa kwenye diski zaidi ya moja, kwa hiyo diski moja ikifa wewe hata hujui. Google hukupa GB 15 bila malipo, OneDrive na iCloud GB 5, Dropbox GB 2. Ukitaka zaidi unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa hatari ya kifaa kuharibika au kupotea, yaani laptop kumwagikiwa chai, kuibiwa kwenye daladala au kuunguzwa na umeme uliorudi kwa nguvu, huduma hizi zinakufaa sana. Unanunua laptop nyingine, unaingia kwenye akaunti, kazi inaendelea.

Shida ni kwamba faili nyingi za biashara hazipotei kwa moto wala kwa mwizi. Zinapotea kwa mikono yetu wenyewe.

Huduma nilizozitaja zinafanya kazi kwa kusawazisha. Kuna folda kwenye kompyuta yako, na kuna programu inayoichunguza folda hiyo muda wote. Ukibadilisha kitu, mabadiliko yanapelekwa winguni, na kutoka huko yanashuka kwenye simu yako, kompyuta ya mhasibu na ya karani wa stoo. Ni kama kioo: unachofanya upande huu kinaonekana upande wa pili papo hapo. Ndiyo maana watu wanne wanaweza kuifanyia kazi orodha moja ya bei. Na ndiyo maana karani akifuta folda ya mwaka 2023 akidhani ni takataka, inafutika kwa wote wanne.

Najua utaniambia kuna kapu la taka. Lipo, na lina siku zake. Kwenye Google Drive faili iliyotupwa hukaa siku 30, kisha inaondolewa moja kwa moja. OneDrive ya mtu binafsi nayo ni siku 30. Dropbox hutoa siku 30 kwa akaunti za kawaida, na muda mrefu zaidi kwa zile za biashara. Hata matoleo ya zamani ya faili ya Excel iliyobadilishwa huhifadhiwa na Google Drive kwa siku 30 tu au hadi yafike 100, isipokuwa yale uliyoagiza mwenyewe yasifutwe.

Sasa chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi Machi mtu anafungua faili ya stoo, anapanga upya safu moja na kusahau nyingine, kisha anahifadhi. Kuanzia hapo idadi ya mabati imekaa kwenye mstari wa misumari, na bei za rangi zimekaa kwenye mstari wa saruji. Hakuna anayegundua, maana wauzaji wanaangalia bidhaa zilizo juu ya orodha, ambazo ziko sawa. Desemba inafika, stoo inahesabiwa, mahesabu hayaingiliani. Mtu anakumbuka kwamba faili iko winguni. Ni kweli iko, na imehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, pamoja na kosa lake la Machi. Toleo zuri la mwisho lilifutwa tangu Aprili.

Virusi vya kudai fidia, yaani vinavyofunga faili zako hadi ulipe, vinapita njia hiyo hiyo. Mfano wa WannaCry wa Mei 2017 unakumbukwa kwa sababu ulifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, lakini vya aina hiyo vingali vinazunguka kila siku kupitia barua pepe na programu zilizonakiliwa bila leseni. Kirusi kikishaingia kinazifunga faili zako kwa msimbo, moja baada ya nyingine. Kwa programu ya kusawazisha, faili iliyofungwa ni faili iliyobadilishwa, basi inaipeleka winguni kama kawaida. Zipo huduma zinazotambua hali hiyo na kukuonya, na ukiwahi unaweza kurudisha matoleo ya jana. Kuwahi huko ndiko kusiko na dhamana.

Bakapu ni nakala ya jinsi mambo yalivyokuwa tarehe fulani, na yanayotokea leo hayaigusi. Bakapu ya tarehe 31 Machi inabaki ya tarehe 31 Machi hata kama leo umefuta kila kitu. Kwa hiyo bakapu nzuri ina historia, ipo mahali pengine, na funguo zake si zile zile unazotumia kazini kila siku. Mafundi wa kompyuta wana kanuni ya 3-2-1: data ziwe kwenye nakala 3, zikae kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala 1 iwe nje ya jengo. Yule mteja wa Strasbourg aliangushwa na namba ya mwisho.

Kampuni za wingu hazijaahidi kukufanyia hayo. Microsoft, kwenye masharti ya huduma zake za kawaida, inapendekeza mtumiaji ajitengenezee bakapu ya vitu vyake mara kwa mara. Wao wanalinda mitambo. Kilicho ndani ya folda ni jukumu lako. Na mitambo nayo hukosewa. Mei 2024 huduma ya mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper ilifutwa kwenye wingu la Google kutokana na hitilafu ya mipangilio iliyofanywa na Google wenyewe. Kwa mujibu wa taarifa ya pamoja ya UniSuper na Google, nakala zilizokuwa katika eneo la pili la Google zilifutwa pia, kwa kuwa zilikuwa chini ya huduma ile ile. Wanachama zaidi ya laki 6 walishindwa kuona akiba zao kwa siku kadhaa. Kati ya vilivyousaidia mfuko kurudi ni bakapu iliyokuwa kwa kampuni nyingine kabisa. Duka la watu sita halina fedha za UniSuper, lakini linaweza kuiga jambo hilo moja, la kutokuweka nakala zote chini ya akaunti moja.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kutotegemea wingu peke yake, nayo ni njia ya kulifikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Uganda ilizimiwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikazimwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Siku kama hizo faili zako hazijapotea, ila huzifikii, na kwa mtu mwenye mteja amesimama mbele yake tofauti hiyo haimsaidii kitu. Ndiyo maana nakala moja lazima iwe mkononi, kwenye diski unayoweza kuichomeka hata intaneti ikiwa imezimwa.

Kasi nayo ihesabiwe mapema. Ukiwa na GB 50 na mtandao unaopandisha Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde), upakiaji wa mara ya kwanza utachukua karibu saa 22 mfululizo. Wengi hukata tamaa hapo, hasa wanaotumia bando la simu. Baada ya mara hiyo ya kwanza, programu nzuri ya bakapu hupeleka kilichobadilika tu, na kwa ofisi ya kawaida hicho ni kidogo. Ukiweza, fanya mzigo wa kwanza usiku, au ipeleke kompyuta kwa jamaa mwenye faiba.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu za watu wengi, na sijaona likielezwa vya kutosha. Programu za uhasibu zinazokaa kwenye kompyuta, kama QuickBooks Desktop na Tally, haziandiki faili kama Word inavyoandika. Zinakuwa na kanzidata, yaani ghala la data zote za programu, iliyofunguliwa muda wote mhasibu anapofanya kazi, na huandika vipande vidogo hapa na pale. Ukiiweka kanzidata hiyo ndani ya folda ya Dropbox au Drive, programu ya kusawazisha inaweza kuichukua ikiwa imeandikwa nusu. Watu wawili wakiifungua kwenye kompyuta mbili, unaweza kukuta nakala mbili zinazogombana, kila moja ina mauzo ambayo nyingine haina. Njia sahihi ni kutumia amri ya bakapu iliyo ndani ya programu yenyewe. QuickBooks, kwa mfano, hutoa faili moja iliyofungwa vizuri yenye mwisho wa .qbb. Hiyo ndiyo unayoituma winguni, ikiwa na tarehe kwenye jina lake. Kanzidata hai iache kwenye kompyuta.

Tuje kwenye WhatsApp, maana biashara nyingi huku zinaendeshwa humo: oda, picha za bidhaa, risiti za muamala, makubaliano ya bei. Kwenye simu za Android bakapu yake inakwenda kwenye akaunti ya Google, na tangu mwaka 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15. Video za salamu na za makundi ya familia zinajaza nafasi. Ikijaa, Gmail ya akaunti hiyo inaacha kupokea barua, na mteja aliyekutumia oda ya maandishi anarudishiwa ujumbe wake. Nenda kwenye mipangilio ya bakapu ya WhatsApp, uondoe video. Ujue pia kwamba bakapu hiyo huwezi kuifungua ukaisoma kwenye Drive. Inarudi kupitia WhatsApp tu, na kila inapochukuliwa mpya, ya zamani inafutwa. Kwa hiyo mazungumzo yenye ushahidi wa deni au makubaliano yatoe kwa kutumia amri ya kuhamisha gumzo, kisha uyahifadhi kwenye folda ya mteja husika.

Kabla ya kununua chochote, mwenye biashara ajibu maswali mawili. La kwanza: nikipoteza kazi ya siku ngapi nitaumia? Duka lenye mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, linaweza kuingiza upya mauzo ya siku moja kwa kufuata nakala za risiti, ingawa ni kazi ya kuchosha. Mpiga picha za harusi hawezi kurudisha siku ya harusi. Wa kwanza bakapu ya kila usiku inamtosha. Wa pili anahitaji nakala ya pili kabla hajafuta kadi ya kamera. Swali la pili: naweza kukaa siku ngapi bila faili hizi? Wakala wa forodha mwenye kontena bandarini anahesabu saa, kwa sababu kila siku ya kuchelewa ina gharama ya hifadhi. Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua ulipe kiasi gani. Muuzaji wa huduma hawezi kukujibia.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa ofisi ndogo ni huu. Kazi ya kila siku ikae kwenye folda ya wingu inayosawazishwa, ili watu washirikiane na kifaa kikiharibika kazi isisimame. Nunua diski mbili za nje. Moja ichomekwe jioni moja ya wiki, ichukue bakapu yenye tarehe, ichomolewe, iende nyumbani kwa mwenye biashara. Wiki inayofuata zamu ni ya ile ya pili. Kuchomoa ni lazima, kwa sababu diski iliyoachwa kwenye kompyuta inafungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe. Zifungwe kwa nenosiri, kwa BitLocker au programu nyingine ya namna hiyo, maana diski inayosafiri kwenye mkoba inaweza kuibiwa. Tatu, lipia huduma ya bakapu halisi, kama Backblaze au IDrive, kwa akaunti tofauti na ile ya kazi, na uhakikishe inatunza matoleo ya zamani kwa muda unaokutosha; mimi nisingekubali chini ya mwaka mmoja. Wenye fundi wao wanaweza kwenda mbali zaidi na kukodi hifadhi yenye kufuli la muda, ambamo nakala ikishaingia hakuna anayeweza kuifuta kabla ya tarehe iliyopangwa, hata mwenye nenosiri.

Nakala za mwisho wa mwaka zitunzwe kivyake. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zote zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na huo ni muda mrefu kuliko umri wa laptop nyingi.

Halafu zijaribu. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayoishi kwa kutunza kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya kanzidata kuu. Walikuwa na njia tano za bakapu na kunakili data. Walipozigeukia wakakuta hakuna hata moja inayofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya hazikuwa zinawafikia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi aliichukua saa 6 kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Kama hayo yaliwapata mabingwa wa fani, alama ya kijani kwenye programu yako si ushahidi wa kutosha.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Kila baada ya miezi mitatu, chukua kompyuta ambayo si ya kazi. Mwambie mtu ambaye siye aliyepanga bakapu arudishe faili ya stoo kama ilivyokuwa miezi miwili iliyopita, na bakapu ya uhasibu ya wiki jana. Mkae, mzifungue, mlinganishe jumla na ripoti iliyochapishwa. Pima muda uliotumika. Akikwama kwenye nenosiri, mmejua leo.

Sheria za faragha nazo zinahusika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina ya wateja, namba za simu, nakala za vitambulisho na mishahara ya wafanyakazi vyote vinaguswa, na sheria zote mbili zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Akaunti ya kawaida ya Drive haikupi nafasi ya kuchagua data zikae nchi gani. Kama una zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo, muone mwanasheria kabla ya kupakia. Na kwa biashara yoyote, zipitie folda mlizoshirikisha kwa mtindo wa yeyote mwenye kiungo aone. Utashangaa nani bado anaona.

La mwisho ni umiliki. Ofisi nyingi huanza kwa akaunti ya Gmail ya mfanyakazi mmoja mchangamfu. Anatengeneza folda, anashirikisha wenzake, miaka inapita. Akiondoka, au akifuta akaunti yake, faili alizoziunda zinaondoka naye, kwa sababu kwenye akaunti binafsi mmiliki ni aliyeunda. Akaunti iwe ya biashara, kwa jina la biashara, na angalau watu wawili waweze kuingia kama wasimamizi. Usitegemee ujumbe wa simu peke yake kama ulinzi wa pili, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine; tumia programu ya kutoa namba za siri. Angalia na kadi ya malipo. Kadi ikiisha muda, huduma inakatika, na kwa Google akaunti iliyozidi nafasi yake kwa miaka 2 inaweza kufutiwa vilivyomo.

Na mwenye biashara akifariki? Warithi wanajua hati ya kiwanja iko kabati gani, lakini hawajui nenosiri la akaunti yenye orodha ya wadaiwa. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua kipindi cha kati ya miezi 3 na 18, na ukipita bila wewe kuonekana, watu uliowataja, hadi 10, wanapewa ruhusa ya kuchukua ulivyowaachia. Apple ina mpango unaofanana na huo, wa mrithi wa akaunti. Kuweka mpangilio huo ni kazi ya dakika chache. Ukimaliza, chapisha zile namba 10 za dharura ambazo Google hutoa kwa ajili ya kuingia bila simu, andika nenosiri la diski na la bakapu kwenye karatasi hiyo hiyo, ifunge ndani ya bahasha, kisha uiweke pamoja na leseni ya biashara na hati zako nyingine, mahali ambapo mke, mume au mtoto mkubwa anapafahamu.